Wauguzi wa kesho wafundishwe kuuliza: "Tunajuaje?"

Wandugu wa Kasongo na Kabambare,

Miaka ya 1970, waganga wa Mupango wa Kasongo, pamoja na chuo cha magonjwa ya tropiki cha Antwerpen, Ubelgiji, walihesabu watoto wa kwetu: nani amechanjwa surua, nani hakuchanjwa, nani angali hai. Matokeo yalitoka 1981 katika The Lancet, gazeti la waganga la London.

Yalisema nini? Kati ya miezi 7 na 21, watoto waliochanjwa walikufa kidogo kuliko wengine. Kisha, mpaka miezi 35, faida hiyo ikaonekana kupungua. Wengine wakasema mutoto zaifu akiokoka surua ataondoka na ugonjwa mwingine. Wengine, kwa hesabu za Guinea-Bissau, wakakataa: faida inadumu. Mabishano yalidumu miaka mingi.

Sasa tunauliza: munafunzi wa uuguzi wa hapa anaifahamu hadisi hii? Ao akifika Salamabila atawaambia tu wamama "leteni watoto, wakubwa wamesema"? Mama akiambiwa chanjo inazuia kila kitu, na mutoto wake aliyechanjwa akafa na malaria, hatarudi tena. Na atawaambia jirani zake. Mwalimu wa afya anayesema ukweli wote, "hii inazuia surua, kwa malaria lazima chandarua", huyo ataaminiwa.

Hii si mambo ya darasani tu. Chanjo ya surua iko tangu 1963, lakini epidemi iliyoanza 2019 iliua watu zaidi ya 6.000 katika inchi yetu, wengi wao watoto.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Shule za uuguzi: munafunzi akiwa staji afungue rejista ya kituo, ahesabu watoto waliokosa chanjo, aende kuuliza wamama sababu. Pengine ni njia ndefu, pengine siku ya chanjo ni siku ya shamba. Ndipo atayarishe somo.

2. Zoni za afya: rudisheni hesabu kwa raiya, kwa Kiswahili, mbele ya watu. Zisipande Kindu tu kwa Kifaransa.

3. Wana-RECO wakae darasa moja na wanafunzi hao. Wao ndio wanajua kila lupango.

Sisi wenye diplome bila kazi tuko tayari kusaidia kuhesabu. Watoto wa Kasongo walifundisha dunia. Wauguzi wa Kasongo nao wajifunze kwao.