Nani Mwingine Aonaye Basi la Mtoto?

Katika miji ya Afrika Mashariki, Kampala ikiwa mojawapo, zipo shule zinazowapa wazazi programu ya simu inayoonyesha mahali lilipo basi la watoto. Mama aliyekuwa akisimama kibarazani tangu saa 10 jioni akihesabu magari yapitayo, sasa hutazama alama ndogo ikitambaa juu ya ramani, akajua kwamba basi limekwama katika foleni ya barabara ya Jinja na kwamba bado ana nafasi ya kuepua chungu. Faraja hiyo haifai kudharauliwa. Lakini ni wazazi wachache mno waliowahi kuuliza ni nani mwingine awezaye kuitazama ramani hiyo hiyo.

Chombo chenyewe ni kidogo. Hufungwa ndani ya basi, hupokea ishara za setilaiti, hupiga hesabu ya mahali kilipo, kisha kwa laini ya simu iliyomo ndani yake huipeleka hesabu hiyo kwenye kompyuta za kampuni iliyouza programu. Wako wanaodhani kwamba setilaiti humwona mtoto kutoka angani. Sivyo. Setilaiti hutangaza tu, mfano wa redio, wala haijui ni nani anayesikiliza. Kinachojua ni kompyuta ya kampuni, ambayo pengine imewekwa nchi nyingine kabisa, na humo ndimo yanamohifadhiwa mambo mengine: jina la mtoto, darasa lake, picha yake, kituo anachoshukia, saa ya kuchukuliwa na namba za simu za wazazi. Shule zinazotumia kadi huongeza saa ambayo mtoto aliigusisha kadi yake alipopanda na aliposhuka.

Taarifa ya siku moja si kitu kikubwa. Jirani yeyote aliyesimama njiani huiona. Ya muhula mzima ni jambo jingine. Ikikusanywa pamoja hueleza mtoto anakaa wapi, hushuka saa ngapi, siku zipi hakwenda shule, na wiki ipi hapakuwa na mtu wa kuchukuliwa katika nyumba ile. Mwizi wa mali na mwizi wa watoto, wote wawili wangefurahi kulipata daftari kama hilo.

Wala hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 2023 wachunguzi wa Tenable, kampuni ya Marekani ya usalama wa kompyuta, waliikagua programu ya wazazi ya Edulog, inayotumiwa na shule za huko katika usafiri wa wanafunzi. Waligundua kwamba mtu aliyejiandikisha bure, hata kama hana mtoto katika shule yoyote, aliweza kuiuliza kompyuta maswali yasiyoonekana kwenye kioo cha simu, nayo ikamjibu: majina ya wanafunzi, njia za mabasi yao, na namna ya kuwapata wazazi wao. Ni kama bawabu amwulizaye mgeni jina lake langoni, na akishaliandika humwachia funguo za vyumba vyote. Kampuni iliarifiwa, ikairekebisha kasoro hiyo. Hata hivyo yafaa kuangalia kwamba hapakuhitajika fundi wa ajabu kuifumbua. Kilichokosekana ni swali moja tu, kama huyu aulizaye ni mzazi wa mtoto huyu.

Karibu na nyumbani, taarifa huvuja kwa njia nyepesi zaidi. Neno la siri la shule hubandikwa ukutani ofisini ili kila karani alione. Orodha ya watoto wa njia fulani, pamoja na nyumba zao, hutumwa katika kundi la WhatsApp lenye watu sabini. Na liko jambo la laini za simu, ambalo watu hulisahau kabisa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huuzwa upya. Mzazi aliyebadili namba bila kuijulisha shule huenda amempa mtu asiyemjua zawadi ya ujumbe wa kila jioni: mtoto fulani ameshuka, saa fulani, kituo fulani.

Gumu zaidi ni la wazazi waliotengana. Programu haijui talaka wala amri ya mahakama. Baba au mama aliyekatazwa kumkaribia mtoto, ikiwa aliandikishwa zamani na neno lake la siri bado linakubaliwa, ataliona basi kama kawaida. Shule aghalabu huona haya kuuliza habari za ndoa za watu. Yampasa basi mzazi anayekaa na mtoto aliseme jambo hilo mwenyewe kwa mwalimu mkuu, faraghani, hata kama linauma.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba taarifa zikizidi, usalama nao huzidi. Mwezi Septemba 2022, huko Al Wakrah nchini Qatar, mtoto wa miaka 4 alisahauliwa ndani ya basi la shule ya chekechea akafa kwa joto, na Wizara ya Elimu ikaifunga shule hiyo. Ramani isingemwokoa, kwa maana basi linaloonekana limefika shuleni laweza kuwa na mtoto aliyelala ndani yake. Picha yake katika kompyuta isingemwokoa pia. Anayemwokoa mtoto wa namna hiyo ni msimamizi anayepita kiti kwa kiti kabla ya mlango kufungwa, na alama moja ya kuthibitisha kwamba aliyepanda ameshuka. Mengine mengi yanayojazwa kwenye fomu hayana kazi safarini.

Sheria zipo. Ya Uganda ya mwaka 2019 hukataza kukusanya taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa kwa mambo machache iliyoyataja, na huamuru taarifa zikiibwa ofisi ya serikali inayohusika ijulishwe mara moja. Kenya ilitunga yake mwaka huo huo, na mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Rwanda ilifuata mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Udhaifu ni kwamba idhini yenyewe hufichwa katika ukurasa wa mwisho wa fomu ya kujiunga, nayo husainiwa siku ile ya kulipa ada, watu wakisukumana dirishani.

Kabla ya kusaini, mzazi aulize taarifa za safari huhifadhiwa kwa muda gani, ni watu wangapi shuleni na katika kampuni wanaoweza kuziona, na kama mtoto aweza kupanda basi bila picha yake kuwekwa. Shule isiyoweza kujibu haijaiuliza kampuni. Na mtoto ahamapo shule, kuifuta programu katika simu ya mama hakufuti chochote kwenye kompyuta ya kampuni. Iandikwe barua yenye jina la mtoto, darasa, njia ya basi na tarehe aliyoondoka, ikiomba taarifa zake zifutwe na shule ithibitishe kwa maandishi. Nakala moja ipigwe mhuri wa shule, irudi nyumbani.