Wanaohesabu ndege wa maziwani waungwe mkono

KILA Januari, baridi kali inapotanda Ulaya na Asia, maelfu ya ndege wa majini hukimbilia maziwa ya Bonde la Ufa. Wakati huo huo, watu wa kujitolea hufika Nakuru, Naivasha na Bogoria, darubini mikononi, kuwahesabu.

Shughuli hii ya Makavazi ya Kitaifa na shirika la Nature Kenya ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wapo wanaoidhania kuwa burudani tu. La hasha! Ndege ni kipimo cha afya ya maji. Ziwa Nakuru lilipofurika baada ya 2010, chumvi ilipungua, mwani unaoliwa na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, ukaadimika, nao wengi wakahama. Bila hesabu, mabadiliko kama hayo yangebaki uvumi.

Hata hivyo, kazi hii hutegemea hisani. Wahesabu wakikosekana, pengo la mwaka huo halizibiki kamwe. Wanaovuna fedha za watalii hawana budi kugharamia usafiri na darubini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.