Selimundu Pwani: wapimwe ndugu kabla ya kuchangisha nauli ya India

Ukiwa kwenye makundi ya WhatsApp ya Likoni, Kisauni au Changamwe, ombi hili unalijua: mtoto ana selimundu, ile tunayoiita sikoseli, familia imeambiwa akapandikizwe uboho India, na nambari ya kutuma mchango ndiyo hii. Watu wetu ni wepesi wa kutoa, alhamdulillahi. Lakini naona hesabu nyingi zinaanza na nauli na viza, huku swali la kwanza likiachwa nyuma: uboho wenyewe utatoka kwa nani?

Selimundu si mgeni kwetu. Anayerithi kinasaba chake kwa mzazi mmoja haugui, na hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu kimeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Anayekirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeteseka: maumivu ya mifupa, kuishiwa damu, hata kiharusi utotoni. Haidroksiyurea hupunguza makali. Kuponya hasa ni kupandikiza uboho, na matokeo huwa mazuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo, viungo havijaharibika. Kuna pia tiba ya vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, lakini bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Hiyo si ya Mtongwe wala Mikindani.

Mtoaji lazima alingane na mgonjwa kwa alama za kinga za mwili, na hilo halihusiani na kundi la damu. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu. Mgonjwa mwenye ndugu wanne ana nafasi zaidi ya nusu ya kupata angalau mmoja anayelingana naye na asiyeugua. Ndugu aliyebeba kinasaba bila kuugua anaweza kutoa. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti kwa kawaida hawezi kulingana zaidi ya nusu. Upandikizaji wa nusu, hata kutoka kwa mzazi, unafanyika siku hizi, ila ni mgumu zaidi.

Asiye na ndugu wa kulingana hutafutiwa mtu baki. Rejista za dunia zina watoaji zaidi ya milioni 40, lakini wengi wao wana asili ya Ulaya. Rejista kuu ya Marekani yenyewe inasema Mzungu ana nafasi ya 79 kati ya 100 kupata anayelingana naye kikamilifu. Mtu mweusi, 29. Vinasaba vya Waafrika vina aina nyingi kuliko vya watu wengine wote, na sisi wa Pwani tumechanganyika zaidi. Afrika Kusini ina rejista tangu 1991, Nigeria tangu 2012. Kenya hatuna ya kitaifa.

Jirani zetu hawakungoja. Tanzania, ambako uboho huitwa uloto, Muhimbili ilianza upandikizaji mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Dodoma unafika kwa basi kupitia Lungalunga. Kwa nini kaunti yetu na Wizara ya Afya wasizungumze nao?

Kabla ya hapo kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Watoto wapimwe selimundu wanapozaliwa, pale Port Reitz na Makadara, wasingoje hadi wavimbe vidole. SHA igharimie kipimo cha kulinganisha ndugu. Na shirika la damu la taifa, ambalo jina lake sasa lina neno "upandikizaji", lianze kuwauliza vijana wanaotoa damu kama wako radhi kuandikishwa.

Najua hofu iliyopo. Uti wa mgongo hauguswi. Uboho huvutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, mtoaji akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, au hukusanywa kupitia mshipa wa mkono, na mwili huurudisha ndani ya wiki chache. Kwa anayeuliza dini, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kutoa kile ambacho mwili hukizalisha tena, kama damu na ngozi, kwa masharti yake. Maimamu wetu waliseme hili siku ya Ijumaa.

Ombi jingine likija kwenye kundi la mtaa, tuchange, lakini tuulize kwanza: ndugu zake wameshapimwa? Kama hawajapimwa, shilingi za mwanzo ziende huko.