Kabla ya Picha, Tuandae Faili

Watu wengi wanaotazama picha iliyochorwa na kompyuta hudhani kwamba picha hiyo peke yake ni ushahidi. Dhana hiyo si sahihi. Picha hutokana na namba zilizomo ndani ya faili, na faili huandaliwa na binadamu. Ni rai yetu kwamba kuandaa faili ni sehemu ya sayansi yenyewe, wala si kazi ya ukarani, na kwamba yafaa kufundishwe katika shule zetu za sekondari.

Na tuchukue mfano wa Mkoa wa Singida, ambao upepo wake unafahamika nchini kote. Tuseme mwanafunzi ataka kujua vumbi linalopeperushwa kutoka shamba kavu la alizeti litafika wapi. Hawezi kuifuata kila chembe kwa macho. Kwa hiyo hutumia uigaji. Huipa kompyuta vipimo vya upepo na kanuni za mwendo alizosoma katika fizikia, kisha huiagiza ikokotoe mahali zilipo chembe 1,000 katika kila sekunde. Baada ya hatua 100 atakuwa na mistari 100,000. Kila mstari una namba nane: namba ya chembe, wakati, vipimo vitatu vya mahali ilipo, na vipimo vitatu vya mwendokasi wake. Jumla ni namba 800,000, ambazo hakuna awezaye kuzisoma akazielewa. Ndiyo maana zipo programu za kuchora taswira, kama vile ParaView, iliyoanza kutengenezwa nchini Marekani mwaka 2000 na ambayo hutolewa bila malipo.

Programu ya namna hiyo ni mtumishi mtiifu asiye na busara: huchora kile inachopewa. Hebu tuangalie makosa manne yanayoweza kuipotosha.

La kwanza ni la mahali. Mji wa Singida upo karibu na latitudo 4.8 kusini ya ikweta na longitudo 34.75 mashariki. Katika faili, kusini huonyeshwa kwa alama ya kutoa. Mwandalizi akiisahau alama hiyo, vumbi la Singida litachorwa kaskazini ya ikweta, karibu na mpaka wa Kenya na Sudan Kusini. Akiiandika alama lakini akazibadilishana safu mbili hizo, vumbi lilo hilo litaonekana Moroko.

La pili ni la wakati. Sisi husema saa tatu asubuhi, na kila mtu hutuelewa. Lakini ukiandika 3 katika safu ya saa, kompyuta itafahamu saa tisa za usiku, kabla jua halijachomoza. Yapasa kuandika 09:00, na kueleza kuwa ni saa za Afrika Mashariki, ambazo zimetangulia saa za kimataifa kwa saa tatu.

La tatu ni la vizio, na madhara yake ni makubwa zaidi. Wataalamu wa hali ya hewa hupima upepo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Noti moja ni karibu mita 0.51 kwa sekunde. Mtu akikuta namba 10 isiyo na kizio, akaidhania kuwa ni mita kwa sekunde, ataongeza kasi ya upepo karibu mara mbili. Na kwa kuwa nguvu ya upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake, nguvu hiyo itaonekana kuwa zaidi ya mara saba ya ilivyo. Anayepanga kujenga mtambo wa umeme kwa hesabu hiyo atakuwa ametegemea upepo usiokuwapo.

La nne ni la pengo. Mahali ambapo kipimo hakikuchukuliwa pasijazwe sifuri, kwa maana sifuri nayo ni kipimo: humaanisha kwamba upepo ulitulia kabisa. Pengo liachwe liwe pengo, na lielezwe.

Huenda mwalimu akasema kwamba mambo haya ni ya shule zenye kompyuta za kutosha. La hasha. Faili la namna hii ni jedwali tu, na jedwali laweza kuandaliwa kwa kalamu na daftari. Kila safu ipewe jina. Kila jina lifuatwe na kizio chake. Juu ya jedwali yaandikwe mahali, tarehe, na jina la aliyepima. Mwanafunzi aliyezoea utaratibu huo, siku atakapoikalia kompyuta, hatakuwa na mengi mapya ya kujifunza.

Twapendekeza zoezi moja kwa walimu wa fizikia, jiografia na hisabati. Darasa moja, tuseme la Iramba, lipime upepo kwa juma zima, liandae jedwali, na kulipeleka kwa darasa jingine lililoko Manyoni. Darasa hilo lichore picha ya upepo huo bila kuuliza swali lolote. Wakiweza, jedwali limeandaliwa vema. Wakilazimika kuuliza hata swali moja, jedwali lirudishwe Iramba likakamilishwe.