Mche Uliopona Bado Si Mavuno

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya meloni na chumvi, na kabla msomaji hajafungua makala ya kwanza nina hoja moja ya kuitetea. Watafiti wetu wanahesabu mno miche iliyonusurika, na matunda yaliyofika kwenye mizani wanayahesabu kidogo mno. Jaribio la kawaida huotesha mbegu kwenye vikopo, likazinywesha maji ya chumvi kwa wiki mbili tatu, kisha likatangaza kwamba mbegu fulani ni stahimilivu. Mkulima akisikia sifa hiyo anaamini amepata mbegu ya kumpa mavuno. Hapo ndipo anapoumia.

Meloni ninayoisema ni ile ya jamii ya tango, yenye nyama ya rangi ya chungwa au ya kijani na harufu inayojaza chumba. Tikiti maji ni jamaa yake, na mengi ya haya yanalihusu, ingawa si kwa viwango vilevile.

Chumvi ikizidi ardhini, mizizi hupata shida kuvuta maji hata kama tuta limelowa. Mmea hufunga vitundu vya majani usipoteze maji, na kwa kuvifunga hujinyima pia hewa ya kutengenezea sukari. Majani mapya hutoka madogo, mazito, ya kijani kilichokolea, na mpita njia huyasifu kwa afya. Dhara la pili huja polepole. Sodiamu na kloridi hupanda pamoja na maji na kujilundika kwenye majani makongwe, kwa kuwa ndiyo yaliyopitisha maji kwa muda mrefu zaidi. Ukingo wa jani hugeuka njano, kisha kahawia, ukakauka hadi unavunjikavunjika vidoleni, na ukavu huo hutambaa kuelekea katikati ya jani huku ncha ya mtambaa ikiwa bado mbichi.

Mmea nao hujitetea. Seli za mizizi husukuma sodiamu nje. Inayoponyoka hufungiwa ndani ya vifuko vya seli isiguse kazi nyeti, na nyingine hunaswa njiani kabla haijafika kwenye majani. Seli hujilimbikizia prolini na sukari ili maji yasizikimbie, na hupigania potasiamu yake, ambayo sodiamu hutaka kuipora nafasi. Kazi zote hizo zinataka nguvu, na nguvu hiyo inatoka kwenye sukari ileile ambayo ingejaza tunda. Uvumilivu una gharama, na gharama hiyo inakatwa kwenye kilo za mkulima.

Hesabu yake inajulikana. Majedwali yaliyojengwa juu ya kazi ya Maas na Hoffman ya mwaka 1977, ambayo FAO imeyasambaza duniani, yanaiweka meloni katika mazao yanayoathirika kwa kiasi: chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1 kwa mita, mavuno hupungua kwa takriban asilimia 8.4 kwa kila desisimensi inayoongezeka. Ikifika 5, theluthi moja ya mavuno imekwenda, na shamba bado ni la kijani. Mtende huanza kupoteza kwenye 4. Pwani ya Batinah kule Oman, ambako wasomaji wetu wengi wana ndugu, visima vilivutwa kwa pampu hadi bahari ikapenya ardhini. Hata mitende imeelemewa, sembuse meloni.

Liko jambo la kutia moyo. Chumvi ya wastani hupunguza ukubwa wa tunda lakini mara nyingi huongeza utamu wake. Katika jangwa la Negev nchini Israeli, wakulima wamemwagilia meloni kwa maji ya ardhini yenye chumvi kwa miongo kadhaa, na wakajenga soko linalothamini utamu huo. Kwetu mnunuzi hukadiria kwa macho na kulipia ukubwa. Mkulima wa kisima cha chumvi hupunjwa mara mbili: shamba limempa tunda dogo, na dalali halipii utamu uliolifidia. Mtafiti anayeacha kupima sukari ya tunda anamnyima mkulima huyo hoja pekee ya kubishania bei.

Njia ninayoiamini zaidi ni miche ya kubebesha. Kikonyo cha meloni hupachikwa juu ya shina la chotara wa maboga mawili, ambaye mizizi yake huzuia sehemu kubwa ya sodiamu isipande. Wajapani walianza kubebesha tikiti maji juu ya maboga miaka ya 1920 kwa kukimbia ugonjwa wa mnyauko, kwa hiyo ufundi wenyewe si mgeni. Uhandisi wa jeni nao nauheshimu: mwaka 1997 watafiti wa Hispania walichapisha kazi ya kuhamishia jeni la hamira, HAL1, kwenye meloni. Lakini ustahimilivu ule ulipimwa ndani ya vyombo vya maabara, na chombo hakina jua la saa nane mchana.

Mengine yanawezekana msimu huu huu. Pima maji ya kisima kabla ya kununua mbegu. Kama una maji baridi kidogo, yatunze kwa ajili ya kuotesha, maana mche mchanga ndio mnyonge zaidi. Samadi mbichi ya kuku inaongeza chumvi. Na kwenye umwagiliaji wa matone, ule ukoko mweupe unaojikusanya kando ya sehemu iliyolowa ni hatari inayongoja: manyunyu ya kwanza huusukuma kurudi kwenye mizizi. Mvua ndogo ikianza, usifunge maji.

Kuanzia toleo lijalo, makala yoyote kuhusu chumvi itakayotufikia ieleze uzito wa matunda kwa kila mmea, sukari yake, na chumvi ya maji tangu kuotesha hadi kuvuna. Jaribio lililoishia kwenye mche tutalipokea, ila lisijiite la ustahimilivu. Nawe mkulima, tuandikie chumvi ya kisima chako, mbegu uliyopanda na kilo ulizopata. Tutachapisha hata zile za hasara.