Jina la mtu, mali ya nani?

Wachuuzi wengi wa Kariakoo wana mtaji usiowekwa rafuni wala benki. Mtu hufika asubuhi mfukoni hana kitu, huchukua mzigo kwa mali kauli, na mwisho wa wiki hurejesha hesabu. Hakuna hati, hakuna dhamana ya nyumba wala shamba. Aliyempa mzigo anajua mtu huyo anaitwa nani, anakaa wapi na mara ya mwisho alilipa siku gani. Akichelewa mara mbili, habari zitafika duka la pili na la tatu kabla yeye mwenyewe hajafika.

Kwa hiyo wanaodai kwamba kujijengea jina ni mtindo ulioletwa na simu za mkononi wamepotoka. Kilichobadilika ni kwamba sasa jina hujengwa hadharani, na mara nyingi hujengwa na mtu ambaye saa hizo hizo anakula mshahara wa mwingine. Karani wa benki anauza vitenge kwenye WhatsApp. Mhasibu anatoa ushauri wa kodi Instagram akiwa amevaa fulana yenye nembo ya mwajiri. Mteja anayempelekea fedha hajui amemwamini nani, yule bwana au kampuni iliyomwajiri.

Itakumbukwa kwamba kwa miaka mingi Tanzania ilijibu swali hili kwa marufuku. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Katika hesabu ya viongozi walikuwamo pia watumishi wa serikali wa ngazi ya juu na ya kati, na mke naye hakusazwa. Mishahara ilipomezwa na kupanda kwa bei miaka ya 1980, marufuku yalibaki kwenye karatasi na mabanda ya kuku yakasimama nyuma ya nyumba za watumishi. Azimio la Zanzibar la 1991 liliruhusu kile ambacho tayari kilikuwa kikifanyika. Lakini kuruhusu si kuweka mipaka, na mipaka hiyo wengi wameachiwa waichore wenyewe.

Gharama ya kutoichora ilionekana wazi Marekani, na mnunuzi wa hisa hatapoteza kitu kwa kuijua habari hiyo. Martha Stewart, aliyewahi kuwa dalali wa hisa, alijipatia sifa kwa vitabu, jarida na vipindi vya mapishi na utunzaji wa nyumba. Mwaka 1997 aliinunua biashara hiyo kutoka Time Warner, na Oktoba 1999 hisa zake zikauzwa kwa umma New York kwa dola 18 moja. Siku ya kwanza zilifunga zikikaribia dola 36. Mwanzilishi wa kampuni, mwajiriwa wake mkuu na bidhaa yake kuu walikuwa mtu mmoja. Waraka wa matarajio wenyewe ulionya kwamba sifa yake ikichafuka, kampuni itaumia. Walionunua waliusoma, au hawakuusoma, wakanunua.

Desemba 27, 2001 bibi huyo aliuza hisa zake binafsi 3,928 za ImClone, kampuni ya dawa isiyohusiana kabisa na mapishi, na hivyo akaepuka hasara ya dola 45,000 hivi. Machi 5, 2004 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa kuwadanganya wachunguzi na kuzuia haki. Siku hiyo hiyo hisa za kampuni yake zilishuka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Alitumikia kifungo cha miezi mitano.

Jambo la ajabu zaidi ni lile lililofuata. Akiwa bado gerezani bei ilipanda kwa kasi, kwa matumaini tu kwamba atarudi kwenye televisheni. Kupanda huko kulikuwa na kasoro ile ile ya kushuka: soko lilimfuata mtu, halikufuata vitabu vya hesabu. Kampuni iliyothaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni 1 siku ilipoingia sokoni iliuzwa mwaka 2015 kwa dola milioni 353 hivi.

Kwa mwenye duka la kawaida, mambo ni madogo zaidi lakini ni yale yale. Anayefanya biashara kwa jina lisilo lake mwenyewe hutakiwa kulisajili BRELA, na wengi hudhani cheti hicho kinawakinga. Hakiwakingi. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria, na deni la duka humfuata mwenye duka hadi nyumbani. Kampuni ndiyo yenye nafsi yake. Alama ya biashara nayo husajiliwa mbali, na mnunuzi wa hisa au mbia mpya afadhali aulize imeandikwa kwa jina la nani, la kampuni au la mwanzilishi. Ikiwa ni la mwanzilishi, siku akiondoka ataondoka nayo.

Kuhusu mwajiriwa, ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwajiri ni bora kuliko tabasamu la meneja, na orodha ya wateja wa ofisi si mali ya kubebwa. Waajiri nao wasijifanye watakatifu. Kituo cha redio humtangaza mtangazaji wake kila saa kwa sababu jina lake huleta matangazo ya biashara, kisha siku akihama humlaumu kwa kuondoka na wasikilizaji. Mkataba ungeweza kusema mapema nani atabaki na jina la kipindi.

Muuza duka wa mtaani Dar es Salaam huitwa Mangi, hata kama hajawahi kufika Kilimanjaro. Akiliuza duka leo, kesho asubuhi wateja watamwita Mangi yule aliyelinunua.