Hadithi Mpya ya Watoro wa Kusini

Wanachuo wengi hupendekeza hadithi mpya kwa kutazama jalada tu. Sisi twaonelea kwamba mwalimu asimpe mtoto kitabu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukisimulia akiwa amekifunga.

Kwa kipimo hicho twaitaja "Freewater", riwaya ya Amina Luqman-Dawson iliyotoka mwaka 2022 na kupata Nishani ya Newbery mwaka 2023. Ni hadithi ya Kusini mwa Marekani. Homer, mvulana wa miaka 12, atoroka shamba la watumwa pamoja na Ada, mdogo wake. Mama yao abaki nyuma. Ndani ya kinamasi kikubwa wakuta kijiji cha watoro, naye Sanzi, msichana aliyezaliwa humo, hajapata kuonja utumwa. Kijiji ni cha kubuni. Kinamasi kipo kweli, mpakani mwa Virginia na North Carolina, na watoro waliishi humo kwa vizazi kabla ya utumwa kukomeshwa nchini humo mwaka 1865.

Wako watakaosema kwamba mambo hayo ni ya mbali. Wamesahau kuwa katika karne ya 19 watumwa waliokimbia mashamba ya pwani yetu nao walijenga makazi yao bara, Fuladoyo nyuma ya Malindi likiwa mojawapo. Hata Sungura wetu mjanja anao ndugu zake katika ngano za watu weusi wa Kusini.

Shaka nzito zaidi ni hii: je, yafaa mtoto wa darasa la tano kusikia habari za mijeledi na mama aliyeachwa? Yafaa, mradi asizisikie peke yake. Kwa kuwa kitabu ni cha Kiingereza, mwalimu hana budi kukisimulia kwa Kiswahili, sura baada ya sura, huku akiwatazama watoto machoni. Jalada halitamwonyesha ni nani aliyeinamisha kichwa. Mwandishi amegawa masimulizi kati ya wahusika kadhaa, basi kila kikundi na kipewe mhusika wake.

Lile swali la "hadithi hii yatufundisha nini?" twaomba liwekwe kando kabisa. Mwalimu akome pale Homer anapokusudia kurudi shambani kumtafuta mamaye, kisha aulize: Sanzi, asiyemjua bwana yeyote, angemwambia nini?